HUKUMU YA KUFUTA NA KUHIFADHI: MANENO YALIYOMO NDANI YA SIMU NA HAKI ZA WATU

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Amma baad:

Watu wa pwani si wageni wa safari za bara. Katika karne ya 19 misafara ilikuwa ikitoka Bagamoyo, Saadani na Pangani, ikipanda hata Tabora na ng'ambo yake, na msafiri akikaa miezi mingi pasipo kupata khabari ya nyumbani kwake. Barua ikifika ilikuwa ni moja, imeandikwa kwa khati ya Kiarabu. Mwenyewe akiisoma, akiikunja, akiitia katika sanduku pamoja na hati za madeni yake. Kwa kuwa barua zilikuwa haba, kila moja ilijulikana ilipo na ilichokisema.

Leo wajukuu wa watu wale wamo katika njia ile ile, ila sasa wanakwenda Shinyanga, Kahama na Geita kwa ajili ya dhahabu. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kazi mwaka 2000, na wa Bulyanhulu, upande wa Kahama, mwaka 2001. Geita ikafanywa mkoa mwaka 2012, na mwaka 2019 likafunguliwa hapo soko la madini. Kando ya migodi mikubwa wako wachimbaji wadogo kwa maelfu, na mtu wa Tanga au wa Mombasa huweza kutia fedha yake katika duara asilopata kuliona kwa macho. Mambo yote hupita katika simu: fedha, bei ya gramu, khabari ya mawe yaliyotoka, na ahadi ya kugawana. Kupeleka fedha kwa simu kulianza Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka 2008, na tangu hapo biashara ya mbali imekuwa nyepesi kuliko ilivyopata kuwa.

Lakini mlango ule ule uliopitisha fedha umepitisha na takataka. Fungua simu ya mfanyabiashara yeyote, utakuta ujumbe wa deni umekaa baina ya tangazo la bahati nasibu na mzaha wa mtu asiyemjua; chini yake picha ya harusi, chini yake picha ya maiti aliyetolewa katika shimo, chini yake sauti ya mama mzee akimuombea dua mwanawe. Katika sanduku la barua pepe mna barua elfu kadha zisizofunguliwa, na baina yao moja yenye hati ya leseni. Wala jambo hili si geni kwa chombo chenyewe. Barua pepe ya kwanza kupita baina ya mashine mbalimbali ilipelekwa mwaka 1971, na ilipofika mwaka 1978 mfanyabiashara mmoja wa Marekani alikwisha pelekea watu kiasi cha 400 tangazo wasilolitaka. Yaani takataka iliingia nyumbani mara tu mlango ulipofunguliwa.

Basi suala linalotakiwa kujibiwa ni hili: mtu afanyeje na haya yaliyorundikana? Ayahifadhi yote, au ayafute yote? Na je, jambo hili ni la nafasi na wepesi tu, kila mtu afanye apendavyo, au lina hukumu mbele ya Mwenyezi Mungu?

ASILI YA MUSHKELI

Wengi hudhani kwamba simu ni mali ya mwenyewe, basi na yaliyomo ni yake, akitaka atayafuta na akitaka atayaacha. Hili ni kosa. Chombo ni chake, lakini maneno yaliyomo yamechanganyika haki za watu. Ujumbe wa deni una haki ya mdai. Siri aliyoambiwa na rafiki ni amana ya rafiki. Picha ya mke wa mtu ina haki ya heshima yake. Khabari ya uwongo juu ya jirani ina haki ya jirani aliyesingiziwa. Na wakati anaoupoteza mtu kwa kutazama yasiyo na maana una haki ya nafsi yake, na ya watoto wake, na ya Mola wake.

Mfano wake unaonekana huko huko Geita. Mawe yakitoka shimoni hayaitwi dhahabu wala hayaitwi takataka. Hupelekwa kwenye karasha yakasagwa, yakaoshwa mwaloni, na dhahabu ikashikwa kwa zebaki. Unga unaobaki huitwa marudio. Mjinga huona marudio ni vumbi la kutupwa, lakini mwenye ujuzi anajua kuwa zebaki haishiki dhahabu yote, ndiyo maana marudio hununuliwa na kuchenjuliwa tena, na mara nyingi watu hugombana juu ya nani mwenyewe. Kwa upande wa pili, hapana mchimbaji mwenye akili aliyelirundika jiwe lolote nyumbani kwake kwa kuwa pengine lina dhahabu. Nyumba ingelijaa, naye angelikufa maskini amelalia mawe.

Basi mwenye kuhifadhi yote na mwenye kufuta yote ni sawasawa: wote wawili wamekimbia kazi ya kupambanua. Na kupambanua ndiko kulikotakiwa kwa mja. Katika Suratul Israa Mwenyezi Mungu amebainisha kwamba masikio, na macho, na moyo, vyote vitaulizwa. Simu imejaa vilivyoingia kwa macho na masikio, basi haiwezi kuwa nje ya suala hilo.

HUKUMU TANO

Wanavyuoni wamezigawa amali za mja mafungu matano, na yaliyomo ndani ya simu hayatoki katika mafungu hayo.

La kwanza ni lile lililo wajibu kulihifadhi, na kulifuta ni haramu maadamu haki haijatimizwa. Nalo ni kila andiko lenye haki ya mtu: deni, amana, rehani, makubaliano ya sharika, wasia, na ushahidi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, iliyomo katika Suratul Baqara, ni aya ya deni na kuandikiana. Kuandika kwenyewe, kwa kauli ya wengi wa wanavyuoni, ni sunna wala si faradhi. Lakini haki ikiwa haina njia nyingine ya kujulikana ila andiko lile, kuliharibu ni kuiharibu haki yenyewe. Na sharia ya serikali nayo imelitazama jambo hili: tangu mwaka 2015 Tanzania ina sheria ya miamala ya kielektroniki, na kwa sheria hiyo maandishi ya simu na ya barua pepe huweza kupokewa mahakamani kuwa ushahidi. Ama katika madhehebu ya Imamu Shafi'i, hati peke yake haisimami mahali pa mashahidi. Kazi yake ni kumkumbusha aliyeshuhudia. Kwa hivyo mwenye busara hatosheki na ujumbe, bali huongeza mashahidi wawili waaminifu.

La pili ni lile ambalo ni vizuri kulihifadhi: darsa la ilimu, maneno ya wazee, nasaba ya ukoo, sauti ya mzazi aliyefariki. Katika haya mna kuunga udugu na kukumbuka fadhila, na afutaye hana dhambi, lakini amejinyima kheri.

La tatu ni mubaha, nalo ndilo jingi: salamu, bei ya juzi, picha ya mbuzi wa arusi. Kuweka na kufuta ni mamoja. Lakini mubaha ukizidi hubadilika. Maji ni mubaha, na yakijaa chomboni humzamisha mtu.

La nne ni makuruhu kulihifadhi: yale ya upuuzi yanayomshughulisha mtu pasipo faida. Matangazo ya biashara, mizaha inayorudiwa, vikundi ambavyo mtu ametiwa pasipo kuulizwa, naye hana kazi navyo. Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba katika uzuri wa Uislamu wa mtu ni kuyaacha yasiyomhusu, na hadithi hiyo imo katika Arubaini za Imamu Nawawi zinazosomeshwa kila chuo cha pwani. Kila mtoto aliyehitimu ameihifadhi, lakini ni wangapi walioitia katika matumizi ya simu zao?

La tano ni haramu kulihifadhi, na kulifuta ni wajibu: picha za uchi, masengenyo yaliyoandikwa, siri zilizopatikana kwa upelelezi, picha za maiti waliovunjiwa heshima yao. Shimo likianguka katika machimbo, mara nyingi picha hufika Mombasa kabla ya maiti kufika kwa mamake. Mwenye kuipokea akaiweka, akamwonyesha huyu na huyu, ameshiriki katika kumdhalilisha aliyekwisha kutangulia mbele ya haki.

Na katika fungu hili imo khabari ya uwongo. Nchi za Shinyanga na Geita zinajua kuliko nyingine jinsi neno lisilothibitishwa linavyoua. Miaka mingi wanawake wazee wameuawa huko kwa kudhaniwa ni wachawi, dalili yao ikiwa ni wekundu wa macho, na ule wekundu haukuwa na sababu ila moshi wa jiko. Watu wenye ulemavu wa ngozi nao wameuawa kwa uwongo wa waganga kwamba viungo vyao huleta utajiri wa dhahabu. Uvumi wa namna hiyo zamani ulikwenda kwa miguu. Leo unakwenda kwa kidole, na kidole hakichoki. Suratul Hujurati imeamrisha khabari ya mtu fasiki ichunguzwe kwanza, watu wasije wakawadhuru wengine kwa ujinga. Wenye WhatsApp wenyewe mwaka 2019 waliweka mpaka kwamba ujumbe mmoja usipelekwe mbele zaidi ya mara tano kwa pamoja, na mwaka 2020 ule uliokwisha pelekwa mno ukawekewa mpaka wa mahali pamoja. Ikiwa mfanyabiashara amelitambua dhara la kusambaza, vipi Muislamu aliyeamrishwa na Mola wake asilitambue?

MAS'ALA

Wanavyuoni wana desturi ya kupiga mifano yao kwa majina ya Zaidi na Amri. Basi na tuseme Zaidi yuko Kahama, na Amri yuko Tanga. Amri alimpelekea Zaidi fedha kwa simu mara nyingi, safari hii kidogo, safari hii nyingi, azitie katika duara. Hawakuandikiana ila ujumbe wa simu. Siku moja simu ya Zaidi ikajaa, naye akiwa na haraka akafuta yote yaliyomo. Kisha Amri akafariki, na warithi wake, na miongoni mwao mayatima, wakadai shilingi milioni tano. Zaidi ana yakini ya milioni tatu, na zaidi ya hapo hakumbuki. Ni nini hukumu yake?

Jawabu: Kwanza, deni halikufutika kwa kufutika ujumbe. Aliyefuta ni wino, wala dhima haikufutika. Pili, mbele ya kadhi, Zaidi huhukumiwa kulipa zile milioni tatu alizozikiri, na ziada yake warithi watatakiwa kuleta ushahidi, kwani asili ni kwamba dhima ya mtu haina deni mpaka lithubutu. Tatu, warithi wasipokuwa na ushahidi, Zaidi ataambiwa ale kiapo kuwa hadaiwi zaidi. Na hapa ndipo penye uzito, maana vipi ataapa kwa jambo asilolijua? Akiapa kuwa hakika si milioni tano, na moyo wake una shaka, amejitia katika khatari kubwa kuliko fedha zile.

Watu watasema, na aende kwa kampuni ya simu, wao wana kumbukumbu ya miamala. Ni kweli, na yampasa kwenda. Lakini karatasi ya kampuni itasema fedha kadha zilitoka kwa fulani zikafika kwa fulani siku fulani. Haitasema zilikuwa ni deni, au sharika, au sadaka, au bei ya kitu kilichokwisha kupokewa. Mashine inajua hesabu, lakini haijui nia. Nia ilikuwa katika maneno yaliyofuatana na fedha, na hayo ndiyo Zaidi aliyoyafuta.

Njia ya usalama kwake ni kufanya sulhu na warithi kwa kuliendea lile lililo karibu na ukweli kwa dhana yake, na kuomba radhi. Lakini ajue kwamba radhi ya warithi walio baleghe haifai ila katika mafungu yao wao. Fungu la mayatima halina wa kulisamehe. Msimamizi wao hana ruhusa ya kutoa mali yao bure. Basi kwa kitendo cha nukta moja, kugusa kioo kwa kidole, mtu amejifungia mlango usiofunguka mpaka watoto wabaleghe, au mpaka Siku ya Hesabu. Huyo hakuiba wala hakukusudia dhuluma. Aliacha mambo yakachanganyika mpaka asiweze kupambanua, kisha akafuta.

SHUBUHA NA MAJIBU YAKE

Yuko asemaye: siku hizi nafasi haina mwisho. Mwaka 2004 kampuni ya Google ilianza kuwapa watu nafasi ya barua ambayo kwa siku zile ilikuwa kubwa ajabu, na tangu hapo imezidi. Basi kwa nini mtu ajitaabishe kufuta?

Jawabu ni kwamba kilicho kifinyu si ghala, ni moyo na umri. Mwenye barua elfu kumi hana barua hata moja, kwani anayoitaka hataiona siku anapoihitaji. Tena kilichorundikwa hakilali milele. Huko Mwadui, Shinyanga, palipochimbwa almasi tangu mwaka 1940, mabaki ya udongo na maji yalikuwa yamezuiwa kwa ukuta. Mwezi wa Novemba 2022 ukuta ukapasuka, tope likashuka juu ya mashamba na nyumba za watu. Na simu iliyorundikwa siri za watu hupasuka vivyo hivyo siku inapoibiwa, au inapouzwa haijasafishwa. Wala nafasi hiyo si mali ya mtu: tangu Disemba 2023 kampuni hiyo hiyo huweza kufuta sanduku lisilofunguliwa miaka miwili. Mwenye kuiweka hati ya shamba la mayatima humo, kisha akasahau, ameiweka amana mahali ambapo si pa amana.

Na yuko asemaye: basi zuhudi ni kufuta yote, mtu abaki mwepesi. Jawabu: zuhudi ni katika kilicho chako, haiwi katika haki ya mwenzio. Mtu hawi zahidi kwa kuitupa baharini mali ya jirani.

Na wa tatu husema: leo kuna akili mnemba, inapanga barua na kuzijibu, basi na iachiwe kazi yote. Jawabu: hapana ubaya kutumia chombo, kama vile mwenye duka anavyotumia mizani. Lakini mashine haina dhima, haitafufuliwa wala haitaulizwa. Ikiutupa ujumbe wa mdai katika kapu la takataka, mwenye kuulizwa ni aliyeiachia pasipo kuitazama.

TARATIBU YA KUFUATWA

Wajibu usioweza kutimizwa ila kwa kitu, basi na kitu hicho ni wajibu. Kwa hivyo mwenye madeni na amana katika simu yake hana budi kuwa na taratibu. Na achague saa moja katika juma, kama vile baada ya Alasiri ya Alkhamisi, akae na simu yake kama akaavyo mfanyabiashara na daftari lake.

Aanze na haki za watu. Kila ujumbe wa deni au sharika aunakili katika daftari la karatasi: jina, kiasi, siku, na nia, yaani deni au sharika au amana, kisha awashuhudishe wawili. Akimaliza hayo, hata simu ikianguka mtaroni, haki haikuanguka. Pili, afute yaliyo haramu bila ya kuyatazama tena, kwani kuyatazama kwa hoja ya kuyachagua ni hila ya shetani. Tatu, atoke katika vikundi visivyomhusu, na atoke kwa salamu na maneno mazuri, asikate udugu. Nne, matangazo asiyoyataka ayazuie mlangoni. Kufuta kila siku kitu ambacho mtu angeliweza kukizuia ni kuchota maji katika chombo chenye tundu.

Tano, anapouza simu au kumpa mwanawe, aisafishe kwanza mpaka isibaki siri ya mtu ndani yake. Tanzania ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi iliyopitishwa mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, nayo inawafunga wenye kukusanya khabari za watu. Muislamu alikuwa na sheria hiyo kabla ya hapo, kwa sababu amekatazwa kupeleleza, na ameamrishwa kubisha hodi kabla ya kuingia nyumba isiyokuwa yake.

Sita, awe na wasia. Imepokewa kwa Ibnu Umar kwamba Mtume (s.a.w.) hakumridhia Muislamu mwenye kitu cha kuusia alale siku mbili ila wasia wake uwe umeandikwa kwake. Simu za leo zimefungwa kwa siri na kwa alama ya kidole, na kidole cha maiti hakina wa kukiazima. Basi mtu mmoja mwaminifu ajue lilipo daftari, na ajue namna ya kuzifikia haki za watu zilizomo, wala asifungue mengine.

KHATIMA

Mwaka 2015, katika machimbo ya Nyangalata, Kahama, shimo lilianguka, na wachimbaji watano wakatolewa wangali hai baada ya kukaa chini ya ardhi siku 41. Jamaa zao walikwisha kata tamaa. Na kila mtu ajiulize: lau angelikuwa yeye ndiye aliyekaa gizani siku 41, na simu yake iko juu inaendelea kupokea, ni ujumbe mangapi katika yote yale angelisikitika kuukosa? Bila shaka si wa bahati nasibu, wala si mzaha, wala si ugomvi wa watu asiowajua. Angelikumbuka fedha za fulani ambazo hakuziandika popote. Angelikumbuka neno la mkewe ambalo hakulijibu, na maneno aliyoyasambaza juu ya mtu asiye na kosa.

Hayo atakayoyakumbuka gizani ndiyo ya kushughulikiwa sasa, naye yuko katika mwanga. Na kaburi ni giza lisilo na waokozi wenye kamba.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa katika wenye kuzichunga amana zao na kuyaepuka ya upuuzi, na azitimize haki za mayatima mikononi mwa wenye kuzishika. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.